Gemu kwa mgonjwa wa kiharusi: ugumu upangwe na kompyuta au na mtu wa fizio? Wadau wa Moshi na Arusha mje

ParachichiTamu (mleta uzi)

Habari za humu wakuu.

Nina banda la gemu hapa Majengo, Moshi, na nikishafunga usiku huwa najifundisha kuandika programu. Mjomba wangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Kliniki ya fizio, yaani tiba ya viungo, anahudhuria bila kukosa, kasheshe iko nyumbani. Ameambiwa anyooshe mkono, afungue kiganja, aguse kikombe kilichowekwa mbali kidogo, arudie na kurudia. Anafanya kidogo, kisha anasema yeye si mtoto wa chekechea. Mke wake amechoka kumbembeleza.

Nikamleta bandani, nikampa pedi ya kuchezea, gemu la mpira, kiwango cha chini kabisa. Alifungwa mabao mpaka akauliza kama hakuna chaneli ya taarifa ya habari. Hiyo "rahisi" ya gemu lile imepimwa kwa kijana ambaye vidole vyake vyote vinamtii.

Kwa hiyo nimemtengenezea la kwake. Halina pedi. Kamera ya laptopu inamwangalia, natumia MediaPipe ya Google ambayo ni ya bure na inatambua viungo vya mwili kwenye picha. Maparachichi yanadondoka mtini, yeye ananyoosha mkono na kikapu kinafuata mkono wake. Kalipenda! Tatizo ni ugumu. Asubuhi anadaka yote na kuanza kupiga miayo, jioni yanampita yote na anaanza kunitukana mimi na mti.

Nataka gemu lijirekebishe lenyewe. Nimesoma kwamba jambo hili si geni. Gemu la Crash Bandicoot la 1996 lilikuwa ukifa sana sehemu moja linakuongezea kinga kimyakimya. Resident Evil 4 ya 2005 inapunguza ukali wa maadui ukielemewa. Robin Hunicke na Vernell Chapman walitengeneza mfumo wakauita Hamlet, wakaujaribu ndani ya gemu la Half-Life, ukiwa unakadiria lini mchezaji anaelekea kufa ili umsogezee msaada. Lakini wote hao walikuwa wanataka mteja asizime mashine. Mimi nataka mkono urudi. Je, ni kitu kimoja? Naombeni mawazo, hasa watu wa fizio kama mpo.

---

MtoriWaMoto

Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

---

FizioMtaa

Mleta uzi, hongera, na jibu ni hapana, si kitu kimoja. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Unasema "ugumu" kana kwamba ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Ugumu wa nini? Kwenye mkono wa mjomba kuna umbali anaofika, kuna kimo anachoinua, kuna upande anaoelekea, kuna muda anaopewa, kuna ukubwa wa kitu anacholenga, kuna kufungua kiganja, kuna uzito alioshika. Gemu lako, nadhani, linaongeza kasi ya parachichi basi. Kasi ndiyo ingekuwa ya mwisho kwenye orodha yangu. Wagonjwa wengi baada ya kiharusi misuli yao inakakamaa, na kukakamaa kule kunategemea kasi: kadiri msuli unavyovutwa haraka ndivyo unavyojibana zaidi. Ukimharakisha, kiwiko kinajikunja, na gemu lako linakuwa linafundisha kile ninachopigana nacho kliniki. Anza na umbali na ukubwa wa kikapu. Kasi iache ilale.

La pili, umesema kushoto ndiko kumepooza, maana yake ubongo ulioumia ni wa kulia. Baadhi ya wagonjwa wa aina hii huacha kuujali upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima lakini wali wa upande wa kushoto wa sahani unabaki. Sasa fikiria gemu linalojirekebisha bila kujua hilo. Linaona maparachichi ya kushoto hayadakwi, linahitimisha kuwa gemu ni gumu, linalegeza. Kama umeliandika kwa ujanja zaidi ndiyo balaa, litahamishia maparachichi kulia ambako anafanikiwa. Alama zinapanda, mzee anafurahi, familia inapiga makofi, na kushoto kunazidi kusahaulika. Hesabu za kushoto na kulia ziwe mbalimbali, zisichanganywe hata siku moja.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Mwili una hila. Mkono ukishindwa kufika, mgonjwa anainama kwa kiwiliwili, anapandisha bega, kiwiko kimebaki pale pale. Kikapu kimefika chini ya parachichi? Kimefika. Gemu linasema "safi!" na kuongeza umbali. Naye anainama zaidi. Ukimwacha hivyo kwa muda mrefu umemtengenezea bingwa wa kuinama.

Kuna kitu Guadagnoli na Lee waliandika 2004 ambacho huwa nawaeleza wanafunzi: kazi ina ugumu wake yenyewe, na ina ugumu kwa huyu anayeifanya leo. Kuokota sarafu mezani ni kazi ile ile, lakini kwangu na kwa mjomba wako si ugumu mmoja, na kwa mjomba wa asubuhi na wa jioni pia si mmoja. Kujifunza kunatokea pale inapokuwa ngumu kiasi cha kumfundisha kitu lakini si ngumu kiasi cha kumzidi.

---

Kodi_Kijenge

Mimi niko upande wa kodi za kompyuta, Arusha. Fizio kaweka msingi, niongeze ya fundi wa mashine.

Usianze na akili bandia, tafadhali. Una mgonjwa mmoja na data kiduchu. Kanuni ya zamani ya ngazi inatosha: akidaka mawili mfululizo panda hatua, akikosa moja shuka hatua. Levitt aliionyesha 1971 kwenye vipimo vya kusikia, kwamba ukifanya hivyo mtu anatulia mahali anapopata karibu asilimia 71. Hiyo unaiandika kwa mistari michache na kila mtu anaielewa, hata fizio anaweza kuibishia.

Ila ina kasoro, haitulii. Inapanda na kushuka muda wote na mgonjwa anaona kama gemu lina homa. Watafiti wa Barcelona, Hispania, walikuwa na gemu linalofanana sana na lako, mipira inakuja na mgonjwa wa kiharusi anaizuia kwa mikono. Wao wakiona anapata zaidi ya asilimia 70 wanapandisha, akishuka chini ya 50 wanalegeza, na katikati ya hapo hawagusi kitu. Hiyo nafasi ya katikati ndiyo dawa. Mimi ningeshusha haraka na kupandisha polepole, kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa anaondoka na hupati data yake tena.

Kingine, pima kila siku kabla ya kucheza. Mwambie anyooshe mkono mpaka pale anapofika bila maumivu. Hapo ndipo asilimia mia ya leo. Maparachichi yote yaanguke kwa kipimo hicho, si kipimo cha jana wala cha kijana wa bandani kwako.

Na umefanya vizuri kutumia kamera ya kawaida. Kinect, kamera ya Microsoft ya kufuatilia mwili, ilipotoka 2010 watafiti wengi waliijengea magemu ya mazoezi, ikaja kusimamishwa uzalishaji 2017 na watu wakabaki na programu zisizo na mashine.

---

Kibosho Kwanza

Samahani vijana, mimi ni mtu mzima na sipendi kuharibu sherehe. Mzee ana mkono mmoja mgonjwa, mnamtafutia kamera, hesabu na Barcelona. Hapa Moshi kila kona kuna wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mti. Mpeni drafti acheze kwa mkono wa kushoto. Kizibo ni kidogo, lazima akibane kwa vidole, akinyanyue, akitue kwenye mraba. Na ugumu unajirekebisha wenyewe, mimi nikicheza na mjukuu wangu namwachia, nikicheza na jirani simwachii.

Tena nimeambiwa na mwanangu ambaye ni daktari kwamba huko nje walishapima hayo magemu yakaonekana si lolote.

---

FizioMtaa

Mzee wangu Kibosho, shikamoo. Mwanao hakukudanganya, ila tuliseme lote.

Utafiti anaoutaja nadhani ni EVREST, ulichapishwa 2016 kwenye jarida la Lancet Neurology. Wagonjwa 141 wa kiharusi, Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Kundi moja walicheza Nintendo Wii, mashine ya gemu inayofuata mwendo wa mkono, kundi lingine wakapewa karata, bingo, Jenga ya vipande vya mbao, mchezo wa mpira. Vipindi kumi vya saa moja ndani ya wiki mbili, juu ya tiba yao ya kawaida. Makundi yote mawili mkono ulipata nafuu, na Wii haikuwashinda wacheza karata. Kwa hiyo drafti yako imesimama mahali pazuri sana kisayansi, mzee.

Lakini Wii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye viungo vizima sebuleni kwao. Na mapitio ya 2017 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, majaribio 72 yenye watu 2,470, yanasema hivi kwa mkono: gemu likichukua nafasi ya tiba ya kawaida, faida ya ziada haionekani, likiongezwa juu yake, linaweza kusaidia kwa sababu mtu anafanya mazoezi zaidi. Hapo "zaidi" ndipo ninapong'ang'ania. Lang na wenzake 2009 walikaa wakahesabu kinachotokea kwenye vipindi halisi vya fizio Marekani na Kanada. Wastani wa kurudia tendo lenye maana kwa mkono ulikuwa 32 kwa kipindi. Thelathini na mbili! Wanyama wa maabara wanaoonyesha mabadiliko ya ubongo hurudia tendo mara mamia kwa siku. Mgonjwa wangu anayetoka Marangu kwa nauli yake ananiona mara chache. Hayo mamia atayapata wapi kama si nyumbani, na nyumbani nani atayavumilia kama hayana utamu?

Na kiharusi si ugonjwa wa mbali na sisi. Wilaya ya Hai hapo jirani ni kati ya sehemu mbili zilizofanyiwa utafiti mkubwa wa kuhesabu wagonjwa wapya kati ya 2003 na 2006, nyingine ikiwa Dar. Tunawajua watu hawa kwa majina ya ukoo.

---

Dereva Mstaafu

Mnaongea kuhusu mgonjwa kama hayupo. Mimi ni mgonjwa. Nilikuwa bodaboda, nikagongwa, mishipa ya fahamu ya bega la kulia ikaumia. Niliwahi kuchezeshwa gemu la mazoezi mahali fulani. Likawa kila nikishindwa linapunguza. Jamani, nililijua. Puto linakuja kubwa kama dishi, linakaa hapo linanisubiri niliguse. Nilijisikia kama mtoto anayeachiwa ashinde. Siku hiyo nilivua kile kifaa nikaondoka.

Fizio anajua kupima mkono. Heshima nayo mnaipimaje?

---

Binti Rau

Kaka Dereva pole sana, na umesema kweli, ila kwa mama yangu ni kinyume chake. Yeye hataki kuona popote kwamba ameshushwa. Akiona namba imetoka sita ikawa nne, siku imeisha, halafu mimi ndiye ninayebaki naye jikoni na hizo hasira. Naomba lishuke kimya, lisiandike kitu. Kwenye kioo iwepo hesabu inayopanda tu, kwa mfano leo amenyoosha mkono mara ngapi jumla.

Halafu swali la bajeti: linakula bando? Na hizo video za mama akiwa amevaa khanga nyumbani zinakwenda wapi?

---

Kodi_Kijenge

Dada Rau, MediaPipe inafanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe. Bando ni la kupakua mara ya kwanza tu. Mleta uzi akiandika vizuri hakuna picha inayohifadhiwa, zinabaki namba za viungo peke yake, bega liko hapa, kifundo cha mkono kiko pale. Mbane akuhakikishie.

Kuhusu Dereva: kuna gemu la 2018 linaitwa Celeste, ni gumu kupindukia, lakini lina sehemu ambapo mchezaji mwenyewe anapunguza kasi ya gemu au anajiongezea nguvu, tena bila kumsimanga. Anayepunguza ni yeye. Kwa hiyo weka vyote viwili. Mashine ipendekeze, mtu akubali au akatae. "Tusogeze karibu kidogo?" Ndiyo, hapana. Anayetaka kimya kama mama Rau unamzimia swali.

---

Dereva Mstaafu

Hilo la kuulizwa nalikubali. Na mnipe haki ya kusema hapana nikashindwa kwa ujinga wangu.

---

FizioMtaa

Kushindwa utashindwa, lakini kuna mpaka ambao nitaushika mimi. Bega lenye maumivu, au lililolegea baada ya kiharusi, halinyanyuliwi juu kwa sababu mchezaji ana hasira. Kimo cha juu kabisa kiwekwe na fizio, gemu lisikivuke hata mgonjwa akiomba. Ndani ya mpaka huo gombaneni na mashine mtakavyo.

---

ParachichiTamu

Nimerudi wakuu, nimesoma kila kitu na nimebadilisha mengi. Kasi sasa haiguswi. Umbali na ukubwa wa kikapu ndivyo vinavyopanda na kushuka, kwa ile kanuni ya 70 na 50 ya Kodi. Kushoto na kulia kila upande una hesabu yake. Picha hazihifadhiwi. Mpaka wa kimo unafungwa kwa neno la siri, na mjomba tayari amejaribu majina ya ng'ombe wake wote.

Kwenye kuinama nimepata njia. MediaPipe inanipa alama za mabega yote mawili. Mtu akiinama kuelekea kamera, umbali kati ya mabega kwenye picha unaongezeka. Napima akiwa ameketi wima mwanzoni, baadaye ukizidi kiasi fulani parachichi halihesabiwi na mti unatikisika kidogo. Siandiki "umekosea". Shida ni akigeuka pembeni, mabega yanaonekana yamesogeleana na kipimo kinachanganyikiwa.

Ila kituko ni hiki. Mjomba amegundua kwamba akiushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuuburuta, kikapu kinakwenda popote. Alidaka msimu mzima wa maparachichi. Hatua zikapanda mpaka mwisho wa skrini, na ananiambia amepona.

---

MtoriWaMoto

Huyo mjomba apewe ubunge.

---

FizioMtaa

😂 Usimzuie kabisa. Kuusaidia mkono mgonjwa kwa mkono mzima ni zoezi halali, hasa siku za mwanzo mkono ukiwa bado hauna nguvu, na linatunza bega lisigande. Kosa ni gemu kulihesabu sawa na kunyoosha mwenyewe. Vifundo vya mikono yote miwili vikiwa vimekaribiana muda wote, hesabu kwenye kapu jingine na usipandishe ugumu kwa ajili yake. Mwanzoni mwa kipindi mruhusu apashe viungo hivyo, baadaye mwombe aachie.

Kugeuka pembeni, mkalishe kwenye kiti chenye egemeo na mgongo uliguse. Kiti kinasaidia kuliko hesabu.

Halafu angalia dakika. Mtu aliyekuwa anadaka vizuri akianza kukosa baadaye, usikimbilie kusema gemu ni gumu. Amechoka. Kulegeza umbali hakuondoi uchovu, mpumzishe. Mti uache kudondosha, kivuli kije, anywe maji. Kama baada ya mapumziko bado anakosa, hapo ndipo ushushe.

---

Kodi_Kijenge

Hii ya uchovu ni rahisi kuandika. Linganisha dakika za mwisho na zake za mwanzo za siku hiyo hiyo. Na kila kipindi kianze chini kidogo ya alipoishia jana, ili la kwanza adake.

FizioMtaa, swali: upande wa kushoto akikosa kila kitu, tunafanya nini sasa? Kulegeza umesema hapana, kuhamisha umesema hapana.

---

FizioMtaa

Mpe kitu cha kumvuta jicho. Weka mstari mwekundu ukingoni kushoto, au tawi linalotikisika, na sauti itoke kushoto kabla ya parachichi kuanguka. Umbali usogee kutoka katikati kwenda kushoto kidogo kidogo kadiri anavyopata. Hapo unachorekebisha ni kidokezo: kikubwa mwanzoni, kinapungua anapoanza kutazama mwenyewe. Na mtu wa nyumbani aketi kushoto kwake, si kulia. Hii hata bila kompyuta inafaa. Hapo hospitali ya KCMC kuna watu wa fizio na wa tiba kwa vitendo, pamoja na wanafunzi wao. Peleka gemu wakubomolee, watakuambia mambo ambayo mimi sijayaona kupitia uzi.

---

Dereva Mstaafu

Ombi langu moja. Parachichi likidondoka chini lisitoe ile sauti ya kupasuka. Najua utakuwa umeiweka.

---

ParachichiTamu

Nimeiweka na mjomba alishailalamikia. Naitoa leo.

---

Kibosho Kwanza

Nimesoma mpaka hapa na nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Lakini hilo parachichi lenu halibanwi kwa vidole. Mkono unapunga hewani tu. Kizibo changu cha soda kinabanwa. Drafti hamuwezi kuiweka humo?

---

FizioMtaa

Mzee amegonga penyewe. Kupunga hewani hakufundishi kubana wala kuachia, na maisha ya nyumbani ni kikombe na kifungo cha shati. Ikiwezekana drafti ibaki mezani, vizibo vya kweli, na kompyuta iwe mpinzani. Ugumu wake ungekuwa wa aina mbili: inamwachia kiasi gani akilini, na inamtaka apeleke kizibo mraba wa mbali kiasi gani.

---

ParachichiTamu

Kwa hiyo kompyuta ichague mchezo wake ili jibu zuri la mjomba liwe upande wa kushoto? Hii imenipita kimo, lakini naitaka. Kamera ya laptopu inaona bega, haioni ubao.

---

Kodi_Kijenge

Unahitaji kamera ya pili kutoka juu. Simu yoyote inafaa. Ninayo moja kioo kimepasuka lakini kamera nzima. Ukipanda Arusha pitia Kijenge uichukue, na uje na picha ya ubao wa mzee Kibosho nione miraba yake ina ukubwa gani.

---

Kibosho Kwanza

Ubao wangu ni wa mbao ya mruka, miraba ni mikubwa. Aje mwenyewe aupige picha, na amlete mjomba. Nitakaa kushoto kwake.